Taa za Gari Letu na Ukuta wa Madrasa



Mmezoea kutusoma tukizungumza mashela, shingo za magauni na vitambaa vinavyochubua ngozi ya bibi harusi. Leo mtatuvumilia, tunazungumza taa za gari. Shaabani iliyopita taa zetu ziliwaangusha watu barabarani, na baadaye tulijifunza kuzirekebisha wenyewe, nyumbani, kwa futi na chaki zile zile tunazokatia nguo zenu.

Sisi ni wawili, mtu na wifi yake, hapa Nguvumali, Tanga. Mmoja alimaliza kidato cha nne akaenda kozi ya ushonaji, mwingine akajifunzia kwake. Tuna vyerehani vinne, mafundi wawili, na Noah moja tuliyoinunua kwa pesa za upatu, zamu mbili nzima tulizozichukua tukazificha. Gari hilo ndiyo miguu ya biashara. Linatupeleka Ngamiani kutafuta vitambaa, linapeleka mabegi bandarini yavuke kwa mabibi harusi wetu wa Pemba, na msimu wa harusi linabeba kila kitu: masanduku, mapazia ya jukwaa, cherehani cha kurekebishia nguo dakika ya mwisho, na manekini wamekaa siti za nyuma kama mawifi waliokasirika.

Miezi michache kabla ya Shaabani bajaji ilitugonga mbele. Bampa likapasuka, taa ya kulia ikavunjika. Fundi wa gereji moja akatutafutia taa ya mtumba, akaifunga, akaiwasha mchana kweupe mbele yetu, akasema tayari. Tukamlipa. Taa inawaka, tungetaka nini zaidi?

Tangu siku ile, tukitoka usiku, watu wanatupigia fuli. Daladala zinatupigia, malori yanatupigia, hata bodaboda. Mwanzo tulidhani wanatutahadharisha kuna trafiki mbele. Baadaye tukajipa tafsiri nyingine: huyo kamwona mwanamke kashika usukani, roho inamuuma. Tukawa na jibu letu kabisa, na sisi tunampigia fuli yake, tena ndefu. Tukipita tunacheka. Tunaona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa, na iliendelea wiki nyingi.

Shaabani mnaijua. Kila mwenye mtoto wa kuozesha anawahi kabla ya Ramadhani, na sisi mafundi hatulali. Usiku ule tulikuwa tunakwenda Muheza, harusi ni kesho yake. Gari limejaa mpaka kioo cha nyuma hakioni. Tulitoka baada ya Magharibi, tukapita Kange, tukapita Pongwe. Tumewasha dimu, maana magari yalikuwa yanafuatana kutoka upande wa pili. Katikati ya magari yale ikaja pikipiki moja, imebeba baba, mama na mtoto katikati yao. Tukaiona inayumba. Ikatoka nje ya lami, ikaingia majanini, ikalala.

Tulisimama. Alhamdulillah mtoto hakuumia, alikuwa analia tu kwa woga. Baba alichubuka magoti. Mama ndiye aliyevunjika mkono, akakaa chini ameukumbatia, ushungi umemtoka, na mmoja wetu akavua mtandio wake akamfunika.

Yule baba hakutukana. Alisema, "Dada zangu, mbona mmetuwashia fuli?"

Tukasema hatukuwasha fuli. Akasema mmewasha, sikuiona barabara kabisa. Tukaapa. Tulisema wallahi dimu, sote wawili, kwa mpigo mmoja, huku mama wa watu kakaa chini anagugumia. Tukafungua mlango tukamwonyesha swichi ilivyokaa. Na kweli swichi ilikuwa kwenye dimu.

Tuliwapeleka hospitali. Tuliwaachia pesa za matibabu, tukafika Muheza karibu saa sita usiku, mama wa bibi harusi yuko barazani hana rangi. Gauni lilikaa vizuri, harusi ilipendeza, picha zake mlizipenda sana. Sisi katika picha zile tunaona kitu kingine.

Baada ya siku tano tulikwenda kuwaangalia Pongwe na mchele, sukari na kitambaa cha dera. Mama mkono umefungwa plasta, anatucheka tunavyoshindwa kukaa sawa kitini. Wakati wa kuondoka, jua limekwisha kuzama, yule baba akasema, "Mimi sina ugomvi na nyie. Ila mmoja akae ndani ya gari awashe hizo dimu zenu, mwingine aje asimame hapa nilipo mimi."

Mmoja akawasha. Mwingine akatembea hatua thelathini mbele, akageuka. Hakuona gari. Hakuona barabara, hakuona mtu aliyesimama naye bega kwa bega. Aliona weupe tu, na ulipozimwa akabaki dakika nzima anapapasa hewa.

Kile kiapo kilitukaa kooni. Hukumu yake tulimuuliza mwenye elimu, na hapa si mahali pake. Lakini tangu madrasa tumefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, na sisi udhia tulikuwa tumeufunga kwenye bampa tunautembeza mkoa mzima, tena tukiwacheka wanaotuambia.

Tulirudi kwa yule fundi. Akachungulia, akazungusha kitu mara mbili, akasema zimekaa. Hakupima popote. Usiku ule ule lori la kwanza tulilopishana nalo likatupigia fuli.

Aliyetusaidia ni jirani yetu, mzee aliyeendesha malori ya mkonge ujana wake wote. Alitucheka kwanza. Kisha akasema, "Nyinyi si mafundi wa nguo? Basi taa ni pindo." Akatupa hesabu moja ya kukariri: gari likiwa mita 10 kutoka ukutani, mwanga wa dimu ukatike sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Kumi kwa kumi.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Ukiutazama mwanga wa dimu ukutani usiku utaona una pindo kweli. Chini peupe, juu giza, na katikati mstari umekatika kama umepigwa mkasi. Upande wa kulia mstari umelala, na upande wa kushoto unapanda kidogo kwa mshazari. Wametengeneza hivyo makusudi. Sisi tunaendesha kushoto, kama Wajapani, kwa hiyo mwanga unapanda kushoto umulike waenda kwa miguu na vibao, na unalala kulia usimpige anayekuja. Wenzetu wa visiwani mnaoletewa magari kutoka Oman au Dubai mliangalie hilo kwanza, maana kule wanaendesha kulia na taa zao zimekatwa kinyume, mshazari unapanda kwenye macho ya anayekuja. Hiyo haitibiki kwa bisibisi. Ni kutafuta taa nyingine.

Sasa tulihitaji ukuta mweupe na mita kumi za ardhi iliyo sawa mbele yake. Kwetu hakuna. Nyuma ya madrasa ya mtaani upo, umepakwa chokaa, na mbele yake ni uwanja wa sakafu ya saruji wanapokaa watoto. Tukaenda kuomba ruhusa kwa ustadhi. Akauliza mnataka kuchora nini. Tukasema mistari ya chaki, tutaifuta. Akaruhusu kwa sharti tuje baada ya Isha watoto wakiwa wameondoka, na tufute kweli.

Kuna mambo ya kufanya kabla ya kufika ukutani, na sisi tuliyakosea ndiyo maana tunayajua. Usiku wa kwanza tulipima kimo cha taa kutoka chini, ya kulia ikawa sentimita 68, ya kushoto 66. Tukabishana nani kashika futi vibaya. Kumbe tairi la mbele kushoto halina upepo wa kutosha. Tukarudi nyumbani. Asubuhi tukajaza upepo matairi yote kama inavyotakiwa, tukatoa kila kitu ndani ya gari, hata manekini. Usiku wa pili taa zote zikasoma 68.

Sakafu nayo ipimwe, jicho linadanganya. Tuliazima kwa jirani anayejenga ule mpira wa maji, mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi wa nyumba hutumia. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii gari linapokaa, mwingine anashika ncha ile ukutani, halafu kila mmoja anapima maji yamesimama kimo gani kutoka sakafuni. Vimo vikilingana, sakafu iko sawa. Yetu ilipishana nusu sentimita, tukaisamehe.

Na dereva lazima akae kitini. Hapa ndipo mafundi wa nguo tulipojiona wataalamu. Hatumpimi bibi harusi urefu wa gauni akiwa peku wakati ataolewa na viatu vya inchi nne. Gari nalo tulipime likiwa na mtu wake. Lakini sisi wawili tunahitajika nje, mmoja kwenye boneti na mmoja ukutani. Tukamleta Mama, mama mkwe wa mmoja na mama mzazi wa mwingine. Akakaa kwenye usukani na tasbihi yake, buibui limejaa kiti kizima.

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu, Mama. Kaa tu uwe uzito."

"Ndiyo mmenigeuza gunia la mchele usiku huu?"

Alikaa, lakini kila baada ya dakika chache tulisikia sauti, "Gunia linaruhusiwa kunywa maji?"

Basi kazi yenyewe. Tulilisogeza gari mpaka taa zikaribie kugusa ukuta. Kila taa ina alama ndogo katikati ya kioo chake, au utaona balbu ilipokaa. Pale pale mbele ya kila taa tukachora ukutani msalaba wa chaki. Tukaunganisha misalaba kwa mstari uliolala, sentimita 68 kutoka chini, na kwenye kila msalaba tukashusha mstari wa wima. Kisha mstari wa pili uliolala, sentimita 10 chini ya ule wa kwanza. Yaani 58. Kwa fundi wa nguo hiyo ni kazi ya dakika tano, na kusema kweli tuliifurahia. Halafu Mama akashuka, mmoja wetu akarudisha gari nyuma mita 10 likiwa limenyooka, tumelaza kamba sakafuni kuongoza matairi. Mama akapanda tena. Gari tukalitikisa mbele na nyuma ili springi zikae, Mama akasoma dua ya safari.

Tukawasha dimu.

Taa ya kushoto pindo lilisimama kwenye 62, juu kidogo ya linapotakiwa. Taa ya kulia, ile ya mtumba, pindo lilikuwa kwenye 79. Sentimita 11 juu ya kimo cha taa yenyewe. Yaani mwanga ulikuwa haushuki barabarani kamwe, ulikuwa unapanda kila unavyokwenda mbele, tena ndiyo taa ya upande wa anayekuja. Tulikaa kimya. Hata gunia lilinyamaza.

Ukitaka kuona pindo la taa moja lazima uzibe nyingine. Tulianza kwa kanga, na baada ya muda mfupi tukasikia harufu ya kitu kinaungua, kwa sababu taa hizi zina moto. Tumieni boksi, na mlishike kwa mkono mbele ya taa bila kuligusisha kioo.

Nyuma ya kila taa, ukifungua boneti, kuna skrubu mbili za kurekebishia. Moja inapandisha na kushusha mwanga, nyingine inapeleka kushoto na kulia. Nyingi zinaingia bisibisi ya nyota ndefu. Ipi ni ipi utajua kwa kuzungusha robo mzunguko na kutazama ukutani, usizungushe mfululizo kama unafungua chupa. Wa boneti anazungusha, wa ukutani anasema, "Shusha. Shusha. Kidogo tena. Basi." Ndivyo tunavyopandisha pazia la jukwaa miaka yote, kwa hiyo tulielewana haraka. Taa ya kushoto ilikaa kwenye 58 bila ubishi. Ile kona ambapo pindo linaanza kupanda tukaiweka kwenye mstari wa wima wa taa yake.

Ya kulia ilikataa. Ukiishusha inakaa, ukilitikisa gari inaruka. Tukamulika kwa simu, tukaona sikio moja la plastiki linaloishikilia taa limekatika, yule fundi kalifunga kwa waya. Hapo tena hatukuwa na ujuzi. Tulimpelekea fundi mwingine kesho yake akaliunga sikio likawa gumu, na usiku wa tatu tukarudi ukutani, futi, chaki, boksi, Mama. Ikashuka mpaka 58, tukalitikisa gari mara kumi, ikabaki pale pale.

Tungeweza kuishia hapo, na tungekuwa hatujafanya kitu. Maana usiku wa ajali gari halikuwa tupu. Mmoja wetu ndiye aliyelikumbuka hilo, tukiwa tumeshaanza kufuta chaki. Tukarudi nyumbani tukapakia kila kitu kama kilivyokuwa safari ile ya Muheza, cherehani, masanduku, mapazia, manekini, tukarudi ukutani saa tano usiku. Vijana wa kijiweni wakauliza dada, mnahama?

Nyuma ya gari ilishuka sentimita 5, vidole vitatu vya mkono wetu. Ukutani mwanga ulipanda sentimita 18, karibu shubiri nzima. Nanyi mnaoshona mnaelewa, ukikosea kidogo kiunoni kwenye sketi ya mwavuli, chini pindo linakwenda vingine kabisa.

Tukachukua karatasi. Usiku ule taa ya kulia ilikuwa imepanda 11, na mzigo ukaongeza 18. Ni 29 kwa kila mita 10. Kwenye mita 30 ni sentimita 87, ujumlishe 68 za kimo cha taa, unapata 155. Tukainuka tukachukua futi. Mmoja akakaa juu ya stuli ya kushonea, ile ndefu, kama anavyokaa mtu kwenye pikipiki. Macho yake yalikuwa karibu na hapo hapo.

Tunaomba mtusamehe kwa hesabu nyingi, lakini hesabu ile ndiyo iliyotuliza ubishi uliokuwa bado umebaki ndani yetu. Hadi usiku ule kulikuwa na sauti ndogo inasema labda yule baba alikuwa anakimbiza.

Dawa ya mzigo ipo na ilikuwa mbele ya macho yetu miaka yote. Magari mengi ya Japani yana kigurudumu kidogo karibu na usukani, kina picha ya taa na namba kuanzia 0 kwenda juu. Sisi tulidhani ni cha kuongeza mwanga. Ni cha kuinamisha taa gari linapokuwa na mzigo. Dereva peke yake unaweka 0, na kadiri nyuma inavyolemewa unapanda namba, taa zinashuka. Tulikizungusha ukuta ukiwa mbele yetu, taa ya kushoto ikashuka kwa upole, ya kulia ikasimama tuli. Kumbe lile waya la mota ndogo nyuma ya taa lilikuwa linaning'inia tangu siku taa ilipofungwa. Kulichomeka ni sekunde mbili. Kwa mzigo wetu wa harusi tuliona namba 3 ndiyo inayorudisha pindo kwenye 58, tukaiandika kwenye kipande cha karatasi tukakibandika kwenye dashibodi. Gari lenu litakuwa na namba yake. Kama halina kigurudumu, punguzeni mzigo wa nyuma au sogezeni vizito mbele karibu na siti ya dereva.

Hapa mabibi harusi tuna neno nanyi, kwa sababu msafara wa kumsindikiza bibi harusi ndiyo safari ya mizigo kuliko zote. Watu wanapakiana wanane, masanduku nyuma, na ni usiku. Mwambieni anayeendesha azungushe kile kigurudumu kabla hamjaondoka, kama mnavyomkumbusha kaseti ya kasida.

Tusije tukawapeleka upande wa pili pia. Jirani yetu alituonya kwamba watu wakishaogopa kuumiza wenzao wanashusha taa mpaka zinamulika bampa. Taa ya kimo cha sentimita 68 ikishuka 10 kila mita 10 inafika mita 68 mbele. Ukiishusha 30, inaishia kwenye mita 22 na kidogo, na gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linazimaliza kwa sekunde moja. Mtoto akivuka hutamwona. Kumi kwa kumi, basi.

Mengine ni mafupi. Tuliambiwa tuweke balbu nyeupe za LED ndiyo zinaona, hatukuweka. Taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida ukiitia LED mara nyingi pindo linavurugika, mwanga unamwagika kila upande. Kioo kikiwa cha manjano, dawa ya meno na kitambaa laini vinasaidia kwa muda. Na ukibadilisha balbu hakikisha imekaa kwenye masikio yake sawasawa, ikikaa kombo hata ukuta mzima wa chaki hautakusaidia. Kioo chake usikiguse kwa vidole, hasa sisi wa mafuta ya nazi, maana mafuta yanaiunguza mapema. Na kila taa inapobadilishwa, bampa linapogongwa au springi zinapowekwa mpya, pimeni upya. Kule Japani gari binafsi halimalizi ukaguzi wao wa lazima, shaken, bila taa kupimwa zinaelekea wapi, miaka mitatu baada ya kuuzwa jipya na kila miaka miwili baada ya hapo. Magari yetu yalipokuwa kwao yalipimwa hivyo. Yakishafika kwetu, ni juu yetu.

Ukuta wa ustadhi tuliufuta kwa maji na brashi. Alama ya msalaba mmoja ilikataa kutoka, tukapaka chokaa upya ukuta wote, ukapendeza kuliko mwanzo. Sasa watu wawili watatu wa mtaani wamekuja kuomba na wao, na ustadhi anasema akipata nafasi atachora mistari ya rangi.

Plasta ilipotolewa mkononi mwa yule mama, mumewe alimleta hapa dukani kushona lile dera. Walikuja jioni, wakachelewa kidogo kwa mazungumzo, giza likaingia. Alipowasha pikipiki aondoke, mwanga wake ukapanda moja kwa moja kwenye makuti ya mnazi wa jirani. Barabarani hakuna kitu. Tukatazamana. Yeye mwenyewe akautazama mnazi, akacheka mpaka akashika tumbo.

Tuliipeleka ukutani usiku ule ule. Taa ya pikipiki ni rahisi, ni bolti ya kulegeza tu, unainamisha taa kwa mkono. Lakini lazima mtu akae juu yake wakati wa kupima. Tukamwita Mama. Alitoka mpaka mlangoni, akaiona pikipiki, akarudi ndani.